Jina la Bidhaa Likishakuwa Neno la Kila Mtu

SWALI: Nasikia thamosi na aspirini zilikuwa alama za biashara. Kampuni hupotezaje jina lake? Nina bidhaa mpya na sitaki yanikute hayo.

JIBU: Hatari kubwa ni kuuza kitu kipya ambacho hakina jina jingine. Kampuni ya dawa ya Bayer ilisajili Aspirin mwaka 1899. Kwa kuwa wanunuzi wa kawaida hawakuwa na neno lingine la kukiitia kidonge hicho, mwaka 1921 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kwao neno hilo ni la wote. Nchini Kanada, hata hivyo, Aspirin bado ni alama ya Bayer. Kila nchi huamua kivyake.

Otis, watengenezaji wa lifti waliokuwa na alama ya Escalator, walijiponza wenyewe. Katika matangazo na hataza zao (hati za kulinda uvumbuzi) waliandika "escalator" kama jina la kawaida la ngazi za umeme, na maandishi hayohayo yakawa ushahidi dhidi yao walipopoteza alama hiyo mwaka 1950.

Thermos ilinusurika nusu. Mwaka 1963 mahakama ya Marekani ilimruhusu mpinzani wake kuandika "thermos" kwa herufi ndogo, mradi atangulize jina lake mwenyewe na asitumie neno "halisi".

Kwa hiyo ipe bidhaa yako majina mawili tangu siku ya kwanza: lako, na la aina ya kitu. Kwenye kifungashio yaandike pamoja, lako kwa herufi kubwa. Usiligeuze kitenzi, usilitie wingi. Zaidi ya yote, kagua matangazo yako mwenyewe. Humo ndimo wengi huteleza.