Mwisho wa hadithi yangu niliuchapa mwenyewe, na haukuwa wangu

Bwana asifiwe mhariri. Swali lenu la wiki, "Mwandishi Mkristo anayetupia hadithi zake bure mtandaoni, anahudumu au anatupa kipaji?", nimelisoma asubuhi nikaweka simu pembeni, mchana nikalirudia, na sasa ni saa nne usiku watoto wamelala ndo naandika maana limenigusa pabaya.

Jibu langu la haraka ni kwamba atoe bure. Wapendwa wengi watawaletea Mathayo 10, mmepata bure toeni bure, japo pale Yesu alikuwa anawatuma wanafunzi wakaponye wagonjwa na kutoa pepo, habari za simulizi hazikuwepo. Sababu yangu mimi ni nyingine. Ingia kwenye magrupu ya simulizi Facebook uone, chombezo, hizi hadithi za mambo ya chumbani, zimejaa juu mpaka chini, na binti wa kidato cha pili anazisoma kwa sababu hazina hela, ziko kwa Kiswahili anachoongea na kesho zinaendelea. Wakati huohuo duka la vitabu vya dini ninaloenda mimi, rafu ya mahubiri inagusa dari, hadithi unazibeba zote kwa mkono mmoja. Na hadithi ina nguvu jamani, Nathani alipotaka kumfikia Daudi hakumpigia somo, alimsimulia maskini mwenye kondoo mmoja, Daudi akawaka hasira kabla hajajua kwamba mtu huyo ni yeye. Kwa hiyo bure, sawa.

Ila kinachoniuma mimi sio hela. Ni nani anaimalizia hadithi.

Mimi nina steshenari ndogo Mwanjelwa hapa Mbeya, natoa kopi, nachapa barua, picha za paspoti. Hadithi naandika usiku, nilianza kuweka Wattpad, ule mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, baadaye Facebook maana huko ndo wasomaji wetu wapo. Kuna moja ya dada anaitwa Tusekile, mume wake kaenda machimbo ya Chunya kutafuta dhahabu, mwaka wa kwanza anatuma hela, wa pili anatuma salamu, wa tatu kimya. Nilifika sehemu ya 22 baba yangu akafariki. Nikaenda msibani, nikakaa, nikarudi sina hata hamu ya kushika simu, wiki saba zikapita. Watu wakawa wanaandika "dada arosto inatuua lete mwendelezo", sikujibu. Baadaye nikaandika ya 23 nikaiweka, wachache wakaiona, maisha yakaendelea.

Sasa siku moja, ilikuwa Jumatatu maana Jumatatu ndo watu wa vyeti wanajaa, akaja mama mmoja wa makamo na simu yake, akasema binti nataka unitolee hii kwenye karatasi. Ni meseji za WhatsApp, ndefu, zimefowadiwa mpaka zimechoka. Nikamwambia mama nitumie kwenye namba ya duka, akatuma moja moja, nikafungua kwenye kompyuta naanza kukopi naweka kwenye Word, napanga, naondoa vile vikatuni vya kulia, na sikuwa nasoma, ukichapa kazi za watu husomi. Mpaka nikaona jina Tusekile. Nikapandisha juu, jina langu halipo. Nikateremka chini, sehemu zote 22 ni zangu, hata kosa langu la sehemu ya 9 nilipomwita mama mkwe majina mawili tofauti lipo vilevile. Halafu kuna ya 23 ambayo sikuiandika mimi.

Kwenye hiyo ya 23 mume karudi na gari jeupe. Kapiga magoti madhabahuni, kamkabidhi Tusekile funguo za nyumba ya kisasa, kanisa zima linalia, na chini kabisa, "kama unamsubiri mumeo usikate tamaa, tuma sadaka ya kumrudisha kwa namba hii". Namba ya simu ipo na jina la mtu.

Mikono ilikufa ganzi. Kwangu mimi mume hakurudi. Tusekile aliuza kitanda cha harusi akanunua mbegu za viazi, akapanda, Jumapili akaenda kanisani akaimba sauti ya pili kama siku zote, basi, niliishia hapo.

Nikamuuliza mama hii unampelekea nani. Akasema ni mdogo wangu yuko huko Rungwe, ana kitochi hawezi kuperuzi, mume wake kaondoka mwaka wa nne huu, nilimsimulia kidogo kwenye simu akaniambia dada nitafutie yote.

Nilikaa kimya mpaka ukurasa kama wa tatu unatoka. Huyu dada wa watu ataisoma hii, atatuma sadaka kwenye ile namba, atakaa miaka mingine minne anaangalia barabara. Nikasema, mama, huu mwisho sio. Akasema wewe unajuaje? Nikasema hadithi nimeandika mimi. Aliniangalia vile mtu anavyomwangalia kichaa mstaarabu. Ikabidi nitoe simu, nimwoneshe ukurasa wangu, tarehe, picha yangu, ndo akaishika akaanza kusoma ile ya 23 ya kweli, kasimama palepale kaunta, wateja wa paspoti wanalalamika nyuma, yeye anasoma taratibu na mdomo unatembea. Alipomaliza hakusema nzuri wala mbaya. Alisema, "Toa zote mbili, achague mwenyewe."

Nilitaka kukataa, yani kidole changu kilikuwa juu ya kufuta. Nikatoa zote mbili. Kurasa 31, mia mbili mbili, elfu sita na mia mbili, ya kwangu sikumchaji lakini akalipa, akasema andika na jina lako hapo juu kwa kalamu. Nikaandika. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka.

Usiku ule nilikuwa nimeshaamua kufuta kila kitu. Maana sheria ya hakimiliki ya 1999 inasema kazi ni yako tangu unapoiandika na una haki ya kupinga isipotoshwe, sawa, lakini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaenda kumshtaki nani, akaunti yenye picha ya ua? Na wenye nyumba wenyewe hawatoi bure: Wattpad iliuzwa 2021 kwa kampuni ya Korea Kusini, Naver, kwa zaidi ya dola milioni 600, na thamani yake ni nini kama sio watu kama mimi wanaoandika usiku kwa bando la mia tano? Nilikuwa nimekasirika kweli, na hata sasa naandika aya hii nasikia inarudi.

Lakini yule mama alirudi. Baada ya mwezi hivi, na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, nikamuuliza kuhusu mdogo wake. Akasema ule mwisho wako kausoma mara mbili, ila ule mwingine ndo kauweka chini ya mto. Nikamuuliza sadaka katuma? Akasema hapana, ile namba ulikuwa umeifuta. Kweli nilikuwa nimeifuta, hilo tu ndo nililofuta.

Nimelifikiria sana. Luka 15 yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu tumemwacha nje ya nyumba, baba anambembeleza, hatuambiwi aliingia. Yesu aliweza kuiacha wazi, lakini mimi niliiacha wazi wiki saba bila kukusudia na mtu akaingia na namba yake ya simu.

Kwa hiyo mhariri, nilianza nasema bure, na bado nasema bure, ila sio kipande kipande. Mwenye ada za watoto shingoni auze, simhukumu, Paulo mwenyewe alishona mahema. Na anayeweka bure aandike mpaka mwisho kwanza, na jina lake aliweke katikati ya maneno, sio juu tu ambako mtu anakata. Kama hawezi, labda asiweke kabisa, na hapo najua nampinga yule mimi wa mwanzo wa barua hii.

Ninayoandika sasa itakuwa na sehemu 19, nimefika ya 16. Wasomaji wangu wanajua ipo na wananisumbua kila siku. Haipandi mpaka 19 imekamilika.