Jalada Lililobaki Wazi kwa Kura Nne

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Wakubwa wakishakubaliana, taifa dogo linalokaliwa kimabavu hubakiwa na nini mkononi?", nadhani wasomaji wengi watalijibu kwa neno moja tu: hakuna. Mimi pia ningejibu hivyo kama ningeishia kwenye habari za mwaka 1975. Lakini kwa miaka mingi nimefuatilia mambo ya Timor Mashariki, nchi iliyomezwa na jirani yake mwaka huo dunia nzima ikitazama, kisha ikatapikwa ikiwa hai baada ya miaka 24, na jibu langu limebadilika. Taifa dogo hubakiwa na jalada lake, na kazi yake kubwa, ukiacha ile ya kuendelea kuwa hai, ni kuhakikisha kwamba jalada hilo halifungwi.

Nianze na siku yenyewe ambayo wakubwa walikubaliana, kwa kuwa ni nadra sana kumbukumbu za siku kama hiyo kutufikia. Tarehe 6 Desemba 1975, Rais Gerald Ford wa Marekani na waziri wake wa mambo ya nje, Henry Kissinger, walikuwa Jakarta kwa mazungumzo na Rais Suharto wa Indonesia. Siku nane kabla ya hapo chama cha Fretilin kilikuwa kimetangaza uhuru wa Timor Mashariki, koloni ambalo Wareno walikuwa wameliacha bila mwenyewe baada ya mapinduzi ya Lisbon ya mwaka 1974. Muhtasari wa mazungumzo hayo, uliotolewa hadharani kwa ukamilifu mwaka 2001, unaonyesha Suharto akiwaambia wageni wake kwamba huenda ikambidi achukue hatua za haraka au kali, na kwamba anaomba aeleweke. Ford alimjibu kwamba wangeelewa na wasingemshinikiza. Kissinger, aliyejua kwamba silaha za Indonesia zilitoka kwao na kwamba matumizi yake nje ya kujilinda yangezua matatizo ya kisheria, alisema mambo yatategemea tafsiri, yaani kama ni kujilinda au ni operesheni katika nchi ya nje. Akaongeza kwamba lolote litakalofanywa lifanikiwe upesi, na kwamba ingekuwa vizuri zaidi lifanywe wao wakiwa wamekwisharudi nyumbani. Kesho yake askari wa miavuli wa Indonesia wakashuka Dili, mji mkuu wa Timor Mashariki.

Kinachonisumbua kila ninapourudia muhtasari huo ni utulivu wake. Hakuna anayepandisha sauti wala anayeonekana kuwachukia Watimor. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilikuwa imeanguka mikononi mwa wakomunisti mwezi Aprili mwaka uleule, na Washington haikuwa tayari kumuudhi mtawala mpinga ukomunisti wa nchi kubwa kuliko zote kusini mashariki mwa Asia kwa ajili ya watu ambao idadi yao haikufika laki saba. Nchi ya watu ilipita katika mazungumzo yale kama kipengele kimoja kati ya vingi, na huo ndio ukatili wa diplomasia ya wakubwa ambao mara nyingi hatuuoni, kwa sababu tunautafuta kwenye chuki wakati umekaa kwenye hesabu. Hesabu ya upande wa pili ilifanywa baadaye na tume ya ukweli ya Watimor wenyewe: vifo visivyopungua 102,800 vilivyotokana na mgogoro huo, vilivyo vingi vikiwa vya njaa na maradhi.

Ni kweli kwamba tarehe 22 Desemba 1975 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 384 likiitaka Indonesia iondoe majeshi yake bila kuchelewa, na kwamba Aprili 1976 lilirudia wito huo. Hakuna aliyesukuma utekelezaji wake. Balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa wakati huo, Daniel Patrick Moynihan, aliandika baadaye bila kificho kwamba wizara yake ilitaka Umoja huo ushindwe kufanya lolote katika suala hili, na kwamba yeye aliitekeleza kazi hiyo kwa mafanikio yasiyo madogo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaojibu "hakuna". Indonesia ilitangaza mwaka 1976 kwamba Timor Mashariki ni mkoa wake wa 27, lakini Umoja wa Mataifa haukuukubali mkoa huo na uliendelea kuitambua Ureno kuwa mamlaka ya utawala. Kila mwaka suala lilirudi mbele ya Baraza Kuu, na kila mwaka marafiki walizidi kupungua. Mwaka 1975 azimio lilipita kwa kura 72 dhidi ya 10. Mwaka 1982, wakati nchi za Afrika zilizowahi kutawaliwa na Ureno zikiwa bado hazijachoka, lilipita kwa kura 50 dhidi ya 46, huku nchi nyingine 50 zikijizuia kupiga kura. Laiti wajumbe wawili tu wa upande wa "ndiyo" wangehamia upande wa pili, kura zingelingana na azimio lingeanguka.

Azimio lile halikumwondoa askari hata mmoja. Lilimtaka tu Katibu Mkuu aanze mashauriano na pande zinazohusika, na baada ya hapo suala likawa linaahirishwa mwaka hadi mwaka. Nimewahi kufanya kazi ya masjala, na yeyote aliyewahi kuifanya anajua tofauti kati ya jalada lililoandikwa "limefungwa" na lile lililoandikwa "lirudishwe kwangu mwakani". La kwanza hupelekwa stoo na panya hulimaliza. La pili huudhi kila mtu, hupigwa danadana kutoka meza hadi meza, lakini siku bosi akibadilika au upepo ukigeuka, lipo. Kutokana na azimio lile yalianza mazungumzo kati ya Indonesia na Ureno mwaka 1983, chini ya Katibu Mkuu, na ni mazungumzo hayohayo yaliyozaa mkataba wa tarehe 5 Mei 1999 ulioruhusu Watimor kupiga kura.

Kati ya tarehe hizo mbili yalipita mambo ya kukatisha tamaa. Desemba 1989 mawaziri wa mambo ya nje wa Australia na Indonesia, Gareth Evans na Ali Alatas, walitia saini mkataba wa kugawana mafuta na gesi ya Bahari ya Timor wakiwa ndani ya ndege juu ya bahari hiyohiyo, wakagonganisha glasi za shampeni. Ureno ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 1995 mahakama ikasema haiwezi kuamua kesi ambayo Indonesia si mhusika wake, ingawa ilitamka pia kwamba haki ya watu kujiamulia mambo yao inazibana nchi zote. Wengi waliihesabu hukumu hiyo kuwa kushindwa. Mimi naihesabu kuwa karatasi nyingine ndani ya jalada.

Simaanishi kwamba karatasi zilipigana zenyewe. Tarehe 12 Novemba 1991 askari waliwafyatulia risasi waombolezaji katika makaburi ya Santa Cruz, mjini Dili. Mpiga picha mmoja Mwingereza, Max Stahl, aliyekuwa ndani ya makaburi hayo, aliifukia kanda yake kwenye kaburi kabla ya kukamatwa, akarudi baadaye kuichukua, na ikavushwa nje ya nchi. Mauaji mengi zaidi yalikuwa yametokea miaka ya nyuma bila kamera. Baada ya kanda ile, mwanadiplomasia hakuweza tena kusema kwamba mambo yametulia, na Bunge la Marekani likaanza kubana misaada ya mafunzo ya kijeshi. Wapiganaji wa milimani, wanafunzi wa mjini, Kanisa, na wakimbizi waliojikusanya Maputo na Lisbon walihakikisha kwamba kila mwaka kuna jambo jipya la kuandika.

Upepo uligeuka kutoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mgogoro wa fedha wa Asia wa mwaka 1997 uliivunja rupia, sarafu ya Indonesia, Suharto akaanguka Mei 1998, na mrithi wake B. J. Habibie akatangaza Januari 1999 kwamba Watimor waulizwe. Tarehe 30 Agosti walijitokeza asilimia 98.6 ya waliojiandikisha, na asilimia 78.5 wakachagua kuachana na Indonesia. Hapa wakubwa walikuwa tayari wamekosea tena, kwani mkataba wa Mei uliiachia Indonesia ileile jukumu la ulinzi, na wanamgambo wakishirikiana na jeshi wakaua zaidi ya watu elfu moja na kuchoma miji. Safari hii, hata hivyo, hesabu ilikuwa nyingine. Rais Clinton wa Marekani alisitisha ushirikiano wa kijeshi, mikopo ambayo Jakarta iliihitaji kama hewa ikawa mashakani, na ndani ya siku chache Habibie akakubali jeshi la kimataifa, ambalo lilitua Dili tarehe 20 Septemba. Kama wangeweza kufanya hivyo kwa wiki mbili mwaka 1999, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini haikuwezekana mwaka 1975. Iliwezekana. Haikuwa na faida kwao.

Atatokea mtu aniambie kwamba nimechagua mfano mmoja uliokwenda vizuri, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo nitaje pacha wake. Sahara Magharibi nayo ilikuwa koloni la nchi ya rasi ya Iberia, nayo iliingiliwa na jirani mwaka uleule wa 1975, wiki chache tu baada ya Mahakama ya Kimataifa kutoa maoni tarehe 16 Oktoba kwamba hakuna uhusiano wa kimamlaka kati ya Morocco na eneo hilo unaofuta haki ya wakazi kujiamulia. Tofauti ya kwanza ilikuwa mwenye nyumba wa zamani. Ureno, hasa baada ya kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, iliendelea kung'ang'ania suala la Timor, wakati Hispania ilitia saini mkataba wa Madrid na Februari 1976 ikatangaza kwamba haina tena wajibu wowote. Tofauti ya pili ni kwamba Morocco haijawahi kupata mwaka wake wa 1998, wala haijampoteza mlinzi wake, Ufaransa, mwenye kura ya turufu.

Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wake mwaka 1991 kuandaa kura ya maoni ambayo ilitarajiwa kufanyika Januari 1992. Mpaka leo haijafanyika. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa, James Baker, alileta mpango mwaka 2003, Polisario, chama cha Wasahrawi wanaodai uhuru, wakaukubali, Morocco ikaukataa, na yeye akajiuzulu mwaka uliofuata. Kisha wakubwa wakaanza kukubaliana. Marekani iliitambua Sahara Magharibi kuwa ya Morocco tarehe 10 Desemba 2020, kama sehemu ya mapatano ambayo Morocco nayo ilirejesha uhusiano na Israel, Hispania ikaunga mkono mpango wa Morocco mwaka 2022, Ufaransa mwaka 2024, na Oktoba 2025 Baraza la Usalama likaufanya mpango huo wa kujitawala chini ya Morocco kuwa msingi wa mazungumzo.

Naona watu wakiandika kwamba sasa yamekwisha. Sina hakika kwamba wanaoandika hivyo wameisoma miaka ya katikati ya Timor, pale ambapo Australia ilikuwa imekwisha kuitambua Indonesia kisheria tangu 1979 na mabalozi wenye akili timamu waliwashauri Watimor waukubali uhalisia na wachukue walichopewa. Jamhuri ya Wasahrawi, iliyotangazwa na Polisario, bado ina kiti katika Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ambako Morocco yenyewe, iliyoususia umoja wa Afrika tangu 1984 kwa sababu ya kiti hicho, ilirudi mwaka 2017 ikakaa ukumbi mmoja nayo. Mahakama ya Ulaya ilibatilisha Oktoba 2024 mikataba ya samaki na mazao kati ya Umoja wa Ulaya na Morocco iliyofanywa bila ridhaa ya watu wa Sahara Magharibi. Na Umoja wa Mataifa una orodha ya maeneo ambayo hayajajitawala, ambayo sasa ina majina 17. Timor Mashariki ilitolewa humo Mei 2002, ilipokuwa huru. Sahara Magharibi iliingizwa mwaka 1963, na bado imo.

Msomaji wenu