Andika tarehe ya siku ya kwanza

Tulipomuuguza mama nyumbani kwa korona, kilichotuokoa ni daftari. Siku homa ilipoanza niliandika tarehe, na kuanzia hapo kila asubuhi na jioni nikawa najaza: joto la mwili, oksijeni, amekunywa nini. Dada yangu alinicheka, akaniita karani wa zahanati.

Siku ya sita homa ilishuka, mama akaomba chakula. Tukajua yamekwisha. Siku ya nane asubuhi akaniambia, "Sijambo, mwanangu," na kweli alikuwa akizungumza vizuri tu. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupimia oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 88. Nikadhani kimeharibika, nikajipima mwenyewe: 98. Vidole vyake vilikuwa baridi, nikavisugua vikapata moto, nikampima tena: 89. Tukaondoka naye kwenda hospitali.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Leo ni siku ya ngapi?" Wiki ya kwanza kirusi ndicho kinachozaliana. Ikiingia ya pili, kwa baadhi ya wagonjwa kinga ya mwili hupandwa na hasira kupita kiasi, na mapafu ndiyo yanayoumia. Oksijeni inaweza kushuka mtu asihisi hata kuhema. Kwa hiyo homa ikipoa usifunge daftari.

Kwa mtu ambaye mapafu yake ni mazima kwa kawaida, 95 na kuendelea si ya kutia hofu. Ikifika 94, ongea na daktari. Chini ya 90 usingoje kukuche. Futa rangi ya kucha kabla ya kupima. Jambo lisilosemwa vya kutosha: kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali ilivyo, basi tazama zaidi kama namba zinashuka siku hadi siku. Huna kifaa? Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi bila kutweta, akachanganyikiwa, kifua kikambana au midomo ikageuka rangi, mpeleke.

Dawa za kubahatisha ziache. Antibiotiki haziui kirusi. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha inaokoa wagonjwa wanaohitaji oksijeni, haimfai asiyehitaji oksijeni na inaweza kumdhuru. Sisi tulishaletewa vidonge vyake siku ya pili, kwa nia njema kabisa. Dawa za kupambana na kirusi chenyewe zipo, ila huanzwa ndani ya siku tano za mwanzo, kwa hiyo mzee au mwenye kisukari asikawie kupima korona.

Kosa letu kubwa lilikuwa hewa. Tulisugua vitasa na mifuko huku madirisha yamefungwa, mama asipigwe na baridi. Sabuni ni nzuri, huvunja utando wa mafuta unaokifunika kirusi, lakini korona hutanda chumbani kama moshi wa sigara, na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili. Fungua madirisha, mhudumu awe mmoja, wote wawili wavae barakoa. Chanjo haikuhakikishii kwamba hutaambukizwa; inapunguza sana uwezekano wa kuzidiwa.

Mama alirudi nyumbani, ila uchovu ulimkalia miezi miwili. Alikuwa akioga, kisha anahitaji kulala. Hilo nalo niliandika, na safari hii dada ndiye aliyenikumbusha.