Malindi hadi Marafa kwa baiskeli, mume na mke, Februari

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kutoka Malindi kwa baiskeli, mlale Mambrui, kisha mwende Marafa na kurudi, na kama jua la Februari halitawamaliza. Mnaweza. Mimi na mume wangu tulikwenda mwezi huohuo. Yeye kapanda baiskeli tangu utotoni, mimi nilikuwa na miezi minne tu tangu nijue kuendesha. Siku ya pili kuna mmoja wetu karibu atutoke, na hakuwa mimi.

Nianze na saa. Jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kutakapoanza kupambazuka tu muwe barabarani, na saa nne isiwakute nje ya kivuli. Hapo mlale, mle, mpige soga mpaka saa kumi. Sisi siku ya kwanza tulifuata hivyo, tukavuka daraja la mto Sabaki maji yakiwa mekundu kama chai ya maziwa, na Mambrui tukafika mapema mno hata mahamri yalikuwa bado yanatolewa karaini. Kutoka Malindi haifiki kilomita 20. Tulikula kwa mbaazi za nazi, kisha tukaenda kuliangalia lile kaburi la nguzo lenye vyombo vya Kichina, tukalala mchana kutwa.

Upepo nao muuhesabu. Februari ni kaskazi, kwa hivyo kwenda Mambrui mtaupata usoni, na kurudi Malindi utawasukuma. Mwenye nguvu zaidi akae mbele, mwenziwe amfuate nyuma karibu, aukwepe upepo. Lakini mkishaiacha lami kuelekea Marafa, geuzeni: anayekwenda polepole awe mbele. Haya ndiyo yaliyotugombanisha. Mume wangu alikuwa akitangulia, nikimwona kwa mbali kama tone la wino, halafu anasimama juani kunisubiri. Mimi nikifika nahema, yeye keshapumzika, anapanda tena. Yaani mimi sikupumzika hata mara moja, na yeye mapumziko yake yote aliyapata kwenye jua kali. Nikanuna, akanuna, tukaenda kilomita kadhaa hakuna anayemsemesha mwenzake.

Ndiyo maana saa nne ilipotupita hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tutafute kivuli. Tulikuwa tumeshapita Marikebuni, njia ni vumbi jekundu (wakati wetu; kama siku hizi imetiwa lami, bora kwenu), mikorosho na miembe imetuzunguka kila upande, nasi twapita tu! Nikamwona ameteremka, anaisukuma baiskeli. Nikafika karibu nikaona mikono yake imesisimka vinyweleo, kama mtu mwenye baridi. Nikamuuliza una nini, akanijibu maneno ambayo hayakuwa jibu la swali langu.

Mama mmoja wa Kigiriama alikuwa akipeta mahindi chini ya mwembe. Hakutuuliza tunatoka wapi. Alisema, "Mlaze hapa, mwanangu, huyo keshapigwa na jua," akachota maji mtungini kwa kata, akailowesha leso yake akamfunga shingoni, nyingine akaniambia nimpepee. Nikamvua viatu. Maji akampa kidogokidogo, kila akitaka kuyagugumia anamnyang'anya kata. Baada ya kama nusu saa mume wangu akaanza kunitambia tena, nikajua amerudi. Angeendelea kupayuka, au angeacha kutoka jasho na ngozi iwe ya moto, nisingekaa pale kungoja. Ningetafuta bodaboda ya kumkimbiza hospitali huku nikimmwagia maji. Hilo mlijue kabla ya kuondoka, nyote wawili.

Kosa letu jingine ni kwamba tulikunywa maji matupu, mengi, na jasho lilikuwa likitoa chumvi mpaka fulana yake ikaota michirizi myeupe. Siku zilizobaki tulichanganya wenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu ikipatikana. Dafu ni tamu na lina faida zake, lakini chumvi yake ni haba, msilitegemee peke yake. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mmechelewa kunywa.

Baiskeli. Tubu mbili za akiba kila mmoja, pampu, viraka na solusheni. Kiraka cha zamani hubanduka tairi likichemka, kwa hiyo msiegeshe baiskeli juani ikiwa imejazwa upepo mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Mkiingia kando ya njia kupumzika, ziinueni mzibebe, msizisukume kwenye majani: miiba ilitutoboa mara tatu, na zote tatu ni wakati wa kutafuta kivuli. Kwenye barabara kuu ya Garsen malori ya chumvi na mabasi ya Lamu hayana huruma. Mkisikia honi nyuma, tokeni lami, haki yenu mtaidai siku nyingine.

Mkeo akiuliza avae nini, mwambie buibui liliingia kwenye cheni yangu kabla hatujafika Sabaki. Tangu hapo nilivaa suruali pana ya pamba niliyoifunga kifundoni, kanzu fupi juu, na leso kichwani iliyoshuka mpaka mabegani. Mambrui watoto walinifuata wakishangilia, wazee waliitikia salamu zangu vizuri tu.

Marafa, ule ufa wa Nyari, yaani lile korongo mnaloliendea, msiushukie mchana. Kuta zake huzuia upepo, mchanga ukawaka kama tanuri. Shukeni saa kumi na moja na mwongozaji wa pale kijijini, wakati kuta zinapogeuka kutoka nyeupe hadi nyekundu ya kutu.

Kuhusu kungoja Agosti: kuna ubaridi kidogo, na kusi litawasukuma kwenda badala ya kurudi. Ila Machi msijaribu. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na karibu katikati ya mwezi huo jua la adhuhuri hukaa utosini hasa, hata mti kivuli chake hubaki chini yake tu.

Mkipita Marikebuni na mkamkuta mama anapeta chini ya mwembe mkubwa mkono wa kushoto, simameni mumsalimu, na mumpelekee kilo ya sukari. Leso yake tuliondoka nayo.