Betri ndo zipewe joto, kamera iacheni na baridi yake

Wadogo zangu wa Lamu mnaopanda Mlima Kenya kupiga picha, nawapenda lakini mnanichosha. Kila kikundi yaleyale: kamera imefichwa ndani ya jaketi kama mtoto mchanga, betri ziko mfuko wa nje wa begi zinaganda. Mmegeuza!

1. Betri weka kifuani, lala nazo. Ikisema imeisha usiitupe, ipashe joto mwilini, mara nyingi inafufuka kidogo.

2. Kamera iache ipoe. Hapa niacheni niseme maana iliniuma. Tulishuka kilele cha Lenana (mita 4,985 ile, jua ndo limechomoza, picha mashaallah), nikaingia kibandani, watu wamejazana wanapika, sufuria zinafuka, na mimi kwa kiherehere cha kuonyesha picha nikafungua begi hapohapo. Lensi ikatoka jasho, nje na ndani. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kioo baridi inageuka maji, si ndo yaleyale ya kutoka chumba cha esi pale Shela ukaenda kupiga harusi nje, nilijua kabisa! Nikafuta na fulana, nikafunga begi na maji yake, nikashuka nalo mpaka Lamu likakaa kabatini msimu wa kusi, na unyevu wetu mnaujua. Kuja kufungua, kuvu imetambaa ndani ya lensi. Fundi alivyonitajia bei nikanyamaza. Na lensi yenyewe nimeazima kwa shemeji, mpaka leo tukikutana msikitini ananisalimia huku anaangalia viatu.

3. Kwa hiyo kamera iingie ndani ikiwa mfukoni: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu 2020, basi beba ule mfuko usioingiza maji unaopanda nao boti kwenda Manda. Funga kamera ukiwa bado nje kwenye baridi, minya hewa itoke, ingia nayo, usifungue mpaka ipate joto la chumba, saa moja mbili hivi. Kadi toa kabla hujafunga kama una haraka na picha.

4. Usipulizie lensi pumzi, inaganda. Beba blowa, kile kipulizio cha kuminya kwa mkono.

5. Glavu jamani. Nyembamba ndani, nene juu, tripodi ya chuma haishikiki na mkono mtupu. Mmoja kanijibu eti yeye mtoto wa mvuvi, baridi ya usiku kazoea. Baridi gani wewe, ya nyuzi 20 na kitu? Kule usiku inashuka chini ya sifuri. Akaenda hivyohivyo, jua linatoka vidole vimekataa kubonyeza, ikabidi mpagazi ndo ampigie picha.