Kabla hujanunua kamera kubwa, anza na sufuria ya jikoni kwako

Watu wananiuliza sana wanunue kamera gani, hasa wanaojiandaa kwenda Mikumi au Serengeti kwa mara ya kwanza, na jibu langu ni lilelile, usinunue kwanza. Chukua simu uliyonayo, nenda jikoni, tafuta sufuria iliyobonyea bonyea kidogo, iweke karibu na dirisha asubuhi, zima taa halafu ipige picha. Ipige dirisha likiwa ubavuni, kisha ipige dirisha likiwa mgongoni kwako. Utaona mwenyewe, mwanga ukitokea ubavuni kila mkwaruzo na kila kibonyeo kinajitokeza, ukitokea mgongoni kwako sufuria inakuwa bapa, haina uhai. Somo hilohilo ndo utaenda nalo kwa tembo, jua likiwa chini ile mikunjo ya ngozi inatoka yote, saa sita mchana tembo yuleyule anakuwa kijivu basi.

Na sisi huku karibu na ikweta jua linapanda wima, ule mwanga mzuri wa asubuhi unapita haraka kuliko kwa hao wa Ulaya wanaotufundisha YouTube. Kwa hiyo geti la hifadhi likifunguliwa saa kumi na mbili uwe umeshafika, chai utakunywa baadae. Mlima Kilimanjaro ndo usiseme, wewe ukiwa Moshi ukalala mpaka saa nne, mara nyingi ukiamka mawingu yameshaufunika na hizo mita 5,895 zote huzioni.

Kwenye simu kuna kitu wengi hawakitumii kabisa: gusa kioo pale kwenye kitu unachopiga, shikilia mpaka fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, ijifunge, halafu telezesha kidole kushuka kupunguza mwanga. Jaribu na dele la kahawa pale kijiweni jioni. Ukiiacha simu ijiamulie, shaba kwenye picha inazidiwa na mwanga inakuwa nyeupe, ukipunguza mwanga unapata mvuke, wekundu wa mkaa chini yake, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, mpaka alama za nyundo kwenye shaba yenyewe. Ila muombe mzee kwanza jamani, shikamoo mzee, naomba nipige picha dele lako, kunywa kahawa yake na kashata, halafu picha mrushie. Hili naliona la muhimu kuliko mambo yote ya kamera, mtu asipigwe picha kama kigingi cha barabarani.

Ukishazoea vitu visivyotembea nenda kwa ndege, hawana kiingilio. Mnana wanasuka viota kwenye minazi mijini kabisa, na yangeyange utawakuta ufukweni maji yakitoka, ukienda siku za bamvua maji yanakwenda mbali sana na ndege wanatawanyika kula. Hapo ndo utajua kama kweli unahitaji kamera, maana simu ukiizuumu sana picha inasagika, na ndege anayeruka anataka shata, yaani kasi ya kamera kunasa picha, ya 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Fokasi iwe kwenye jicho. Bawa likiwa na ukungu picha bado inakubalika, jicho likiwa na ukungu ifute tu.

Ndani ya hifadhi tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, haina kazi sana kwa sababu hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Chukua mfuko wa kitambaa, jaza maharage, uuweke kwenye dirisha la gari, lenzi ilalie pale, inatulia ajabu. Muombe dereva azime injini, ule mtetemo unaharibu picha bila wewe kujua. Alafu subiri, wengi wakishapata simba amelala wanataka waondoke, wakati akianza kupiga miayo ujue anakaribia kuinuka. Tembo akiacha kula, akakugeukia na kutanua masikio, picha imetosha, ondokeni taratibu, usimwambie dereva asogee tena.

Na ukibahatika kuona faru, iwe Ngorongoro au Mkomazi, zima lokesheni ya simu kabla hujapiga na usiandike mahali ulipomkuta unapopost, picha inabeba alama ya mahali na majangili wanaweza kuisoma.