Moshi wa korosho ulivyoiinamisha laptopu yangu

Usinicheke: fremu moja, yaani picha moja ya video, ilikuwa inachukua dakika 22 kurendwa (kompyuta kuichora). Tangazo lenyewe la sekunde 10 tu, fremu 240. Piga hesabu, ni saa 88. Na hapa Mtwara, pamoja na gesi yote ya Mnazi Bay, nani anamaliza saa 88 umeme haujakatika? Ulikatika nikiwa fremu ya 31, na kwa kuwa nilikuwa nahifadhi moja kwa moja kama video, faili zima likafa. Siku hizi natoa picha moja moja za PNG. Umeme ukirudi, naendelea nilipoishia.

Kazi ilikuwa kuonyesha korosho zikichomwa uani: bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yameshika moto, moshi mweusi tii unapanda. Natumia Blender 3.6, programu ya kutengeneza picha za 3D, na injini yake ya kurenda iitwayo Cycles.

Kwanza boksi la moshi, yaani eneo ambalo programu inaukokotoa moshi. Nililifanya kubwa kama ua mzima, moshi ukawa na mabonge, nikapandisha mgawanyo (idadi ya vipande kwenye upande mrefu wa boksi) hadi 256. Nilipolibana boksi likaufuata moshi tu, 128 ikatosha. Vokseli, yaani vijiboksi vidogo vinavyobeba moshi, zikabaki moja ya nane, memori ikapumua.

Ila kasi hasa iko kwenye hatua. Mwale wa mwanga ukiingia kwenye moshi hupiga hatua, hupima uzito wa moshi, hupiga nyingine. Hatua ndefu, vipimo vichache. Nilijaribu kuzidisha urefu wa hatua kwa 2, 3 na 5 badala ya 1. Kwenye 5, vijimoshi vyembamba karibu na bati vilipotea na michirizi ikajitokeza. Nikabaki na 3. Jaribu kwenye fremu yenye moshi mzito kuliko zote. Fremu ya kwanza haina moshi, itakudanganya.

Halafu midundo ya mwanga ndani ya moshi, yaani mara ambazo mwanga unaruhusiwa kudunda humo. Nilikuwa nimeweka 4 kwa kuiga watu. Moshi mweusi unameza mwanga, hauurudishi, kwa hiyo 0 inatosha kabisa. Ungekuwa ukungu mzito wa asubuhi kule Newala, hapo ningeiacha hiyo 4.

Mwisho nikaurenda moshi peke yake kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, nikaukuza na kuupachika juu ya picha. Moshi ni laini, hakuna aliyegundua. Dakika 4 kwa fremu, saa 16 zote.

Shangazi alipoiona akasema moshi uko sawa, ila korosho nimezijaza mno kwenye bati.